Nani Ashike Mkono

Chumba cha plasta kilikuwa na kiti kimoja cha mgonjwa, kitanda kimoja chembamba, sinki linalovuja, na mtu mmoja aliyeitwa Chokaa. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye orodha ya zamu, halikutumika kwingine. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akifunga mikono na miguu ya watu. Unga mweupe ulikuwa umemwingia kwenye kope na kwenye mikunjo ya viatu, na mkewe alisema umemwingia hadi kwenye maneno, ndiyo maana yakatoka makavu.

Shule aliiacha mapema. Alianza hospitalini kwa kusukuma vitanda, akakodolea macho mikono ya fundi aliyemtangulia, akajifunza hivyo hivyo. Lakini mfupa aliujua. Mgonjwa akiingia amebeba mkono mmoja kwa mwingine, Chokaa alishajua pa kugusa kabla picha ya eksirei haijakauka. Madaktari vijana walimheshimu, na walipomheshimu hakuwakataza.

Plasta haingoji mtu. Unachovya bandeji kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu, unangoja mapovu yaishe, unakamua, unazungusha juu ya pamba, unalainisha kwa viganja. Kuanzia hapo una dakika tano. Ndani ya dakika hizo plasta inapata joto kama mkate uliotoka tanuri, kisha inakuwa jiwe, na ulivyouacha mkono ndivyo utakavyobaki. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuushika mkono ule ukae ulivyonyooshwa. Zamani Chokaa alikuwa na msaidizi. Msaidizi akastaafu, mwingine hakuletwa, basi Chokaa akabuni utaratibu wake mwenyewe: aliyemleta mgonjwa ndiye atakayeshika.

"Shika vidole hapa, vuta kidogo, usicheze," alikuwa akisema. "Ukitikisika, mkono utapona umepinda kama kota la bakora, na kila siku utauona mezani."

Ndugu walipenda. Walijiona nao wametibu. Mama alishika mguu wa mwanawe, kaka alishika wa kaka, mume alishika mkono wa mkewe. Wageni wakitembelea idara, Chokaa aliwaonyesha utaratibu huo huku kidevu kikiwa juu.

Ndipo lilipokuja tangazo la mafunzo. Siku tatu, lazima kwa kila anayemgusa mgonjwa, kuhusu watu wanaoumizwa majumbani na namna ya kuwapokea. Chokaa alilisoma ubaoni mara mbili, kisha akamwambia mlinzi wa geti kwamba sasa hospitali imekosa kazi.

Walikusanywa arobaini kwenye chumba cha mikutano, ambacho kabla ya hapo kilikuwa stoo ya magodoro na bado kilinuka godoro. Mwalimu alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, asiyepaza sauti. Wote wakamwita Mama Mkunga. Alipowaomba waseme wanatarajia nini, Chokaa alinyoosha mkono.

"Mama, mimi nafunga mifupa. Ndoa zinafungwa kwingine."

Chumba kikacheka. Mama Mkunga naye akacheka, akafuta miwani.

"Vizuri, fundi. Na zikivunjika zinaletwa wapi?"

Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza, na safari hii Chokaa hakuwamo.

Siku ya kwanza ilipita hivyo, yeye akiwa nyuma, mikono kifuani. Mama Mkunga alisema mtu anayepigwa nyumbani huja hospitalini mara nyingi kabla hajafika polisi, kama anafika. Alisema watoa huduma wanamwona, wanamshona, wanamfunga, wanamrudisha. Chokaa akajisemea moyoni kwamba kila mtu na fungu lake, na kwamba mambo ya chumbani hayaingiliwi.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, Mama Mkunga aliwaambia wote wasimame, wafumbe macho.

"Mbele yako kuna mtu," alisema. "Ni mkubwa kuliko wewe. Ameinua rungu na analileta usoni kwako. Msifikiri, fanyeni tu."

Nguo zikachakacha mara moja, kama pazia lililovutwa.

"Sasa fumbueni macho. Mikono ibaki pale pale."

Chokaa akafumbua. Daktari wa mifupa alikuwa ameinua mkono. Mfamasia alikuwa ameinua mkono, na wauguzi, na mpishi wa wagonjwa, na mlinzi wa geti mwenye kifua kama kabati. Watu arobaini hawakuambiana lolote, na wote walikuwa wamesimama namna moja: kigasha, kile kipande cha mkono chini ya kiwiko, mbele ya uso, kidole gumba ndani, kidole kidogo nje. Hakuna aliyewafundisha. Mwili wenyewe ulijua, kama unavyojua kupumua. Chokaa akautazama mkono wake mwenyewe ukiwa hewani, akaona ule mfupa mwembamba wa upande wa kidole kidogo umetangulia mbele kuupokea ugomvi.

Mfupa ule aliujua. Mtu akianguka hutanguliza kiganja, na hapo kinachovunjika ni kifundo, upande wa gumba. Hilo angekwambia hata usingizini. Lakini ule mwembamba, ukatike katikati, peke yake, huku mwenzake mzima? Alikuwa ameufunga mara ngapi? Mamia. Na kwenye daftari lake la chumba cha plasta, mbele ya kila mmoja, kwa mwandiko wake mwenyewe ulioegemea kushoto, aliandika neno moja: ameanguka.

Mama Mkunga aliwaacha wasimame hivyo, mikono juu, mpaka kila mmoja akawa amemaliza kuwatazama wenzake. Hakuna aliyekohoa. Chokaa alikuwa amewahi kuingia nyumba za ibada kubwa na hakuwahi kukutana na kimya cha namna ile.

Walipopewa mapumziko alikwenda kwenye bomba la nje, akanawa uso, na pale ndipo yule mwanamke alipomjia kichwani.

Alikuwa fundi cherehani, mwenye kibanda mtaa wa pili kutoka hospitali. Alikuwa amekuja mara tatu. Mara ya kwanza kidole, alisema kimebanwa na mlango. Mara ya pili mtulinga, ule mfupa wa begani, alisema ngazi. Mara ya tatu, wiki tano zilizopita, kigasha cha kushoto, mfupa mwembamba, katikati, na alisema bafu lilikuwa na sabuni. Kila mara aliletwa na mumewe. Na mumewe alikuwa mtu wa watu. Aliingia na soda baridi kwa ajili ya wauguzi, akaulizia watoto wao kwa majina, akawaita wanawake wote wa idara shemeji, mpaka wao nao wakambandika jina hilo hilo. Shemeji kaja. Shemeji kaleta. Wengine walisema laiti na wao wangepata kama yule.

Wiki tano zilizopita Chokaa alimwambia Shemeji, "Haya, bwana, mshike mkeo." Shemeji akakunja mikono ya shati, akavishika vidole vya mkewe, akavuta taratibu kama alivyoelekezwa. Dakika tano nzima. Yule mwanamke alitazama ukuta. Chokaa, huku akilainisha plasta, akamtania: "Dada, una bahati. Waume wa wenzio hata getini hawafiki."

Na yule mwanamke alijibu, alikumbuka sasa, maji yakimdondoka kidevuni. Alijibu, "Ndiyo, mzee."

Mama Mkunga alimkuta pale bombani.

"Fundi, unaumwa?"

"Mama," alisema Chokaa, "nikikuambia nimempa aliyeuvunja ndiye aushike, utasemaje?"

Mama Mkunga hakushtuka, wala hakumpoza. "Nitasema siku hiyo hukujua. Atakuja tena lini?"

"Jumatatu. Naitoa plasta."

"Basi una siku nne za kujifunza kuuliza."

Akaanza kujifunza, na alikuwa mwanafunzi mbaya. Mchana ule waligawanywa wawili wawili wajaribu; Mama Mkunga mwenyewe akakaa mbele yake, akajikunyata, akawa mgonjwa.

"Mumeo anakupiga?" Chokaa akauliza.

"Sasa hapo umeuliza kama askari wa zamu. Rudia."

"Samahani. Mumeo, yaani, pale nyumbani, kuna, kuna mikwaruzano? Maana kila nyumba ina yake. Hata mimi na mke wangu. Cha msingi ni kuvumiliana."

"Hapo umeshanifungia mlango na funguo umemeza." Akavua miwani. "Sikiliza, fundi. Unamwuliza akiwa peke yake. Si mbele ya mume, si mbele ya mama mkwe, si mbele ya mtoto. Na unawauliza wote wenye majeraha ya namna hiyo, asione umemchagua yeye. Unauliza kwa maneno mafupi. Halafu unanyamaza. Wewe unakiogopa kimya kuliko anavyokiogopa yeye."

"Ninyamaze kwa muda gani?"

"Plasta yako inakauka kwa muda gani?"

"Dakika tano."

"Unaigusa kabla ya hapo?"

"Siwezi. Itapinda."

"Basi."

Chokaa alimtazama yule mwanamke mfupi. Alikuwa ameishi na kile kipimo miaka ishirini na sita mikononi mwake asijue kwamba kinapima pia watu.

"Na akisema ndiyo, nimwambie aondoke?"

"Usithubutu. Siku ya kuondoka ndiyo siku ya hatari kuliko zote. Yeye ndiye bingwa wa nyumba ile. Anajua hatua za miguu, anajua mlango unavyofungwa siku mbaya na siku nzuri. Amebaki hai mpaka leo bila msaada wako. Mwamini, muulize anataka nini, mwonyeshe njia iliyopo. Hukuvunja wewe, na hutaunga peke yako."

Jioni, wakati mkewe akichambua mchele mlangoni, Chokaa alivuta kigoda, akakaa mbele yake, akaweka viganja juu ya magoti kama walivyofundishwa.

"Mke wangu. Kuna mtu nyumbani anayekuumiza au kukutia hofu?"

Mkewe akainua macho. "Nyumbani hapa? Tupo wawili, na mmoja ni mimi." Akarudi kwenye mchele. "Hofu ninayo, ya kukoroma kwako. Siku moja bati litaondoka."

Chokaa hakucheka. Alinyamaza alivyoambiwa. Mkewe akatoa kijiwe, akatupa, akatoa kingine. Kisha mikono yake ikapunguza mwendo.

"Miaka ishirini na mbili," alisema, "hujawahi kuniuliza swali ukangoja jibu." Akaanza kumweleza habari za dada yake aliyefariki, mambo ambayo Chokaa alidhani anayajua yote, kumbe alikuwa anajua jina la ugonjwa tu. Mchele haukuiva mapema siku ile.

Ijumaa, baada ya mafunzo kwisha, Chokaa alibandika karatasi mlangoni kwa mwandiko wake ulioegemea: MGONJWA AINGIE PEKE YAKE, ALIYEMLETA ANGOJE NJE. WATOTO WADOGO TU NDIO WATAINGIA NA MZAZI. Baadhi ya watu walinung'unika. Mzee mmoja alisema yeye na mkewe hawajaachana tangu enzi za redio za mbao. Chokaa akamwambia ukuta wa chumba hauna wivu, akamwachia benchi.

Lakini peke yake angeshikaje? Jumamosi akachukua stendi ya dripu iliyovunjika gurudumu, akaifunga kwenye kitanda, akaning'iniza vitanzi vya bandeji, akatia vidole vyake mwenyewe. Mkono ulining'inia ukanyooka vizuri kuliko ulivyopata kushikwa na ndugu yeyote. Ilimchukua nusu saa. Alikaa akaitazama ile stendi kwa muda mrefu kuliko alioutumia kuitengeneza. Miaka yote ile, nusu saa.

Jumatatu wakaja saa tatu. Shemeji alitangulia, soda nne mkononi, shati limenyooka.

"Mzee Chokaa. Naona leo mmetuwekea sheria mlangoni. Mimi pia mgeni?"

"Leo hakuna cha kushika, bwana. Nakata. Vumbi hili likikuingia kifuani utakuja kunidai pafu."

"Haya, haya. Mke wangu mwoga wa ile mashine, umwangalie."

"Nitamwangalia."

Mwanamke aliingia. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kidogo, uzi mwekundu umemganda begani, uso umetulia kama ndoo ya maji isiyoguswa. Chokaa akafunga mlango. Ulikuwa mlango mwembamba, benchi liko upande wa pili wa ubao, na kupitia chini yake viliweza kuonekana viatu vya Shemeji, vimeng'arishwa. Mtu akinong'ona ndani, nje anasikika.

Chokaa akawasha msumeno.

Msumeno wa plasta haukati ngozi. Meno yake yanatetema tu, lakini kelele yake ni ya kukereza mabati. Kila mgonjwa huulalamikia. Alikata mstari mmoja, kutoka kwenye kiganja hadi juu ya kiwiko, kisha akauinua msumeno, akauacha ungurume hewani. Akainama, mdomo karibu na sikio la mwanamke.

"Dada, siku hizi nawauliza wote wanaokuja na mfupa huu. Kuna mtu nyumbani anayekuumiza?"

Halafu akanyamaza.

Hakuwa amewahi kufanya kazi ngumu kama ile. Msumeno ulimtetemesha mkono hadi begani. Viatu vilivyo chini ya mlango vilibadilisha mguu wa kuegemea. Maneno yalimjaa mdomoni, ya kufariji, ya mzaha, ya kushauri, akayauma yote. Akahesabu kama anavyohesabu plasta. Uso wa mwanamke haukusogea. Dakika moja, labda mbili.

"Siku ile," mwanamke alisema, "ulimpa mkono wangu."

"Nilimpa," alisema Chokaa. "Nilikosea. Nisamehe."

Mwanamke aligeuza shingo, akamtazama kwa mara ya kwanza katika safari zote nne. Alimpima kama fundi anavyopima kitambaa asichokiamini bado.

"Usiitoe," alisema.

"Nini?"

"Plasta. Usiitoe. Tangu nivae hii hajanigusa. Anasema yeye hapigi kilema." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anataja bei ya pindo. "Ikitoka leo, leo hii hii ataniuliza nilikuwa nacheka nini na mteja wa Alhamisi. Ameniwekea kiporo. Shule zinafungwa baada ya siku kumi na moja. Mtoto huenda kwa dada yangu kila likizo, hilo yeye haliulizi. Siku anayoondoka mtoto, baba yake yuko zamu. Nitapanda gari la nyuma yake."

Mwanamke akaendelea, macho kwenye viatu chini ya mlango.

"Nguo za mtoto zimeshatoka. Kila nikikabidhi kazi ya mteja mmoja ninayemwamini, namtilia gauni moja katikati, yeye anapeleka. Cherehani itabaki. Cherehani zipo kila mahali. Ninachokosa ni siku kumi na moja. Nilikuwa sijui nitazipata wapi."

Chokaa alikuwa amedhani anakuja kumwokoa mtu. Sasa alisimama na msumeno wake mkononi akajiona kama mtu aliyekwenda na ndoo kuzima moto, akakuta mwenye nyumba ameshachimba mto, umebaki unyasi mmoja tu kuondolewa maji yapite. Mwanamke huyu, kwa mkono mmoja, chini ya jicho lile lile la mumewe, alikuwa ameihamisha nyumba nzima kipande kwa kipande, na mtaa mzima ukimwona anashona.

"Nitakupa wiki mbili," alisema. "Daktari ndiye anayeandika, nitamwomba. Kuna afisa ustawi wa jamii, chumba namba tisa, ni mwanamke, anajua mambo haya. Anaweza kukutafutia mahali na kukusindikiza hadi garini. Nitakupa namba yake ya simu kwenye kikaratasi."

"Ananipekua."

"Kwenye kiatu."

"Hata kwenye kiatu." Mwanamke akatazama plasta ya zamani kwenye mkono wake, mahali Chokaa alipokuwa ameandika tarehe kwa kalamu nzito. "Wewe si huandika namba hapa?"

Chokaa akauzima msumeno. Kimya kikaingia chumbani na mara kiatu cha nje kikagonga mlango.

"Mzee, tayari?"

"Bado, bwana. Nampelekea daktari picha yake. Mfupa huu una ubishi."

Akavuka ukumbi. Daktari wa mifupa alikuwa kijana mwenye haraka siku zote. Chokaa aliweka picha kwenye taa, akafunga mlango.

"Daktari, dada huyu anahitaji plasta kwa wiki mbili zaidi."

Daktari akatazama picha. "Umeanza kuunga vizuri. Kwa nini..." Kisha akautazama tena ule mfupa mwembamba uliokatika katikati peke yake, na mkono wake wa kulia ukainuka kidogo kutoka mezani, kidogo tu, ukasimama. Alikuwa amesimama mstari wa mbele siku ile ya mikono. Akashusha kalamu, akaandika: wiki mbili, arudi kukaguliwa. Halafu mwenyewe akaenda kwenye chumba cha plasta na faili, akafunga mlango nyuma yake, na Chokaa alipouwasha tena msumeno, chini ya kelele zake akamwuliza mwanamke kama angependa maneno yake yaandikwe alivyoyasema, faili libaki kabatini kwa daktari, liwepo siku atakapolihitaji. Mwanamke akasema ndiyo. Mistari minne. Hapakuwa na sabuni ya bafuni ndani yake.

Chokaa alitoa ganda la zamani. Mkono ulikuwa umekonda, ngozi imekauka ikibanduka kama maganda ya kitunguu, na nywele nyeusi ndefu zimeota kama inavyokuwa. Akauosha kwa maji ya uvuguvugu, taratibu, akaukausha. Akavitia vidole kwenye vitanzi vya stendi. Mapovu yalipokwisha kwenye ndoo alikamua bandeji, akazungusha, akalainisha. Mlango ukafunguka kidogo.

"Naona mnafunga tena," alisema Shemeji. "Basi nije nishike."

Chokaa aliona ngozi ya mwanamke, kuanzia shingoni kushuka, imesimama vinyweleo.

"Funga mlango, bwana," alisema bila kugeuka, kwa sauti ile kavu iliyozoeleka idara nzima. "Upepo unaharibu plasta. Siku hizi nashika mwenyewe."

Mlango ukafungwa.

Na kweli, alivitoa vidole kwenye vitanzi, akavishika mwenyewe. Stendi ingetosha. Alivishika tu. Plasta ikaanza kupata joto, lile joto alilolisikia mara maelfu, na hakuwahi kujiuliza mgonjwa analisikiaje.

"Linapanda," alisema mwanamke.

"Litashuka."

Walikaa hivyo dakika tano bila neno. Chokaa aliukumbuka ule mkono wake ukiwa hewani pamoja na mikono thelathini na tisa mingine. Mfupa huu mwembamba, unene wa kidole, ndio ulitangulia mbele ya uso wa mwanamke huyu, ukakatika ili uso usikatike, na katika giza la plasta, bila kuombwa na mtu, ulikuwa umeanza kujiunga tena. Nani aliufundisha? Miaka ishirini na sita aliita kazi ile kufunga. Hakuwa amefunga kitu. Alikuwa amesimama mlangoni tu mwa jambo kubwa.

Plasta ilipolia ngo chini ya kucha yake, alichukua kalamu nzito, akaandika tarehe, na chini yake, kwa tarakimu kubwa za kusomeka, namba kama ya faili.

Nje, Shemeji aliinamia ule mkono akasoma. "Hizi namba zote za nini?"

"Faili. Likipotea tunamtafuta kwa hiyo. Usiifute."

"Ofisi zenu," Shemeji alisema, akacheka, akamwekea mkewe mkono begani, wakaondoka. Mwanamke hakugeuka nyuma. Chokaa aliitazama ile namba ya simu ya afisa wa chumba namba tisa ikitembea ukumbini, nyeusi juu ya nyeupe, kandokando ya shati lililonyooka, mpaka ikatoka getini.

Soda moja ilibaki juu ya benchi. Hakuna aliyeinywa.

Siku ya kumi na nne Shemeji alikuja peke yake. Shati halikunyooka. Alisimama mlangoni kwenye karatasi ya sheria.

"Mzee. Amefika hapa leo? Si ndiyo siku ya kuitoa?"

"Ndiyo siku yake," alisema Chokaa. "Sijamwona."

"Kwani ataitolea wapi?"

Chokaa alipangusa viganja kwenye aproni. Alijua kwamba msumeno upo katika kila hospitali duniani, na kwamba asubuhi ile ile afisa wa chumba namba tisa alikuwa amepita pale ukumbini, hakusimama, hakusema jina la mtu, akapiga ukuta kwa kiganja mara moja akiwa anatabasamu.

"Sijamwona," alirudia.

Shemeji alimtazama kwa muda, na Chokaa alimtazama pia, akangoja. Sasa alikuwa hodari wa kungoja. Mwisho yule mtu akashuka ngazi, na mlinzi wa geti, mwenye kifua kama kabati, akamfuata kwa macho hadi barabarani.

Benchini walikuwa wamekaa wawili, mzee na mkewe, mke amebeba kigasha chake cha kulia. Mzee akainuka pamoja naye.

"Mimi nimshike," alisema. "Amezoea mkono wangu."

"Najua, baba," Chokaa alimwambia, akamfungulia mwanamke mlango. "Kaa hapa kidogo. Kuna swali nawauliza wote."